Uzi: Hoteli ikilala na pesa zikikaza, unabakije na wafanyakazi wako? (Malindi, Watamu, Lamu)

Karani wa Malindi

Assalam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Kila mwaka ikifika Aprili, mvua ikianza na kusi ikirudisha mwani ufukweni, wenye hoteli ndogo, mikahawa na boti za kutembeza wageni huniuliza jambo moja: wageni hakuna, benki hamna kitu, na wafanyakazi wazuri wanaanza kuondoka mmoja mmoja, nifanyeje? Nimekaa muda mrefu na mishahara ya hoteli za Malindi na Watamu, upande wa makaratasi, pale ambapo mfanyakazi anakuja kuuliza mbona nimekatwa na tajiri anakuja kuuliza mwezi huu tunalipaje. Nilichokiona nakisema mapema, ili asiyekubali ajue pa kunipinga: watu wetu wanavumilia mshahara mdogo kwa muda, lakini kufichwa hawavumilii. Mpishi anayeondoka Mei, ukimfuatilia, utakuta aliamua zamani, siku aliyosikia habari za kazi yake kwa muuza mahamri wa getini kabla hajazisikia kwa mwajiri wake.

Nianze na peislipi, karatasi ya mshahara na makato yake, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Chukua mhudumu wa mkahawa anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwaka 2022 alikatwa NSSF (akiba ya uzeeni) 200, NHIF (bima ya afya) 900, na PAYE (kodi ya mshahara) kama 1,315 baada ya nafuu zake. Akapokea 27,585. Sasa, kwa mshahara ule ule, NSSF ni asilimia 6, yaani 1,800. SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, yaani 825. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450. PAYE imeshuka mpaka 731 hivi, kwa kuwa makato hayo matatu hutolewa kwanza kabla ya kodi kupigwa. Anapokea 26,194. Tajiri hakugusa mshahara, lakini kila mwezi mhudumu ana pungufu ya karibu shilingi 1,400, na unga, mafuta ya kupikia na nauli ya tuktuk havikumngoja. Mtakumbuka mwaka 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita, na nauli zilizopanda wakati ule hazikuona haja ya kushuka.

Upande wa tajiri nao umebanwa. Kwa mfanyakazi huyo huyo anachangia NSSF 1,800 yake mwenyewe na ushuru wa nyumba 450 wake mwenyewe. Mtu wa 30,000 anamgharimu 32,250 kabla hujahesabu chakula cha mchana na sare. Mwaka 2022 ilikuwa 30,200.

Sasa angalia kinachotokea hesabu hii isipoelezwa. Mfanyakazi anaona pesa imepungua, anaamini tajiri amemkata. Tajiri anaona gharama imepanda, anaamini wafanyakazi hawana shukrani. Wote wawili wana uchungu wa kweli, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Nimeona mara nyingi: ukimketisha mtu na peislipi yake mezani, kalamu mkononi, ukapita mstari kwa mstari, ya mwaka ule na ya mwaka huu, uso unabadilika. Hafurahi, maana pesa haijaongezeka. Lakini anajua anapigana na nini. Wenye hoteli, fanyeni hivyo na kila mtu, hata mtunza bustani ambaye hajawahi kuuliza. Yeye hasa.

Jambo la pili ni 2020. Nalitaja kwa sababu ndipo nilipoona tofauti kwa macho yangu. Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na Aprili kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Malindi nzima ilikuwa inategemea Waitaliano na wageni wengine wa ndege. Sehemu moja, ambayo sitaitaja, wafanyakazi walipokea ujumbe wa simu usiku: likizo bila malipo kuanzia kesho hadi mtakapojulishwa. Basi. Hakuna tarehe, hakuna namba ya kupiga. Wengine walikuwa na sare zao zimeanikwa kwenye kamba.

Sehemu nyingine, nayo nisiitaje, mama mwenye nyumba aliwaita wote chini ya mwembe pale pa kuegesha magari. Alikuja na daftari. Akasoma kilichoko benki. Akasema umeme na maji vinakula kiasi gani hata pasipo na mgeni. Akasema yeye hachukui chochote kuanzia mwezi ule, meneja amekubali theluthi moja, na kilichobaki kinatosha nusu mshahara kwa miezi kadhaa tu, baada ya hapo hajui. Kisha akauliza nani ana mawazo. Kulikuwa na kimya kirefu. Halafu kijana mmoja wa jikoni, asiye na mke wala mtoto, mwenye kwao Ganda na shamba la mahindi, akasema yeye aanze kwenda nyumbani, sehemu yake wapewe wenye watoto. Wengine wawili wakafuata. Hakuna aliyewaomba.

Ndege ziliporudi Agosti 1, na Desemba ile watu wa Nairobi wakaanza kushuka kwa magari, ile sehemu ya kwanza ilikuwa inatafuta wapishi Malindi nzima. Huyu mama alifungua na jiko lile lile, watu wale wale, na kijana wa Ganda akarudi akiwa wa kwanza kuitwa.

Sisemi kila mtu awe na mwembe. Nasema namba zile alizosoma ndizo zilizofanya kazi.

Tatu, tarehe. Kama huwezi kulipa wote kamili, lipa nusu tarehe 30 na nusu tarehe 15, lakini useme hivyo mwanzoni mwa mwezi, na tarehe 15 ikifika pesa iingie kwenye M-Pesa asubuhi. Mwenye nyumba Maweni au Kisumu Ndogo hana shida na mpangaji anayemwambia "tarehe 15 asubuhi" na ikawa kweli. Shida yake ni yule anayesema "bosi amesema wiki hii" wiki nne mfululizo. Ukichelewesha bila kusema unamgeuza mfanyakazi wako kuwa mwongo mbele ya mwenye nyumba, mwenye duka na mwalimu mkuu. Aibu ile haisahauliki upesi.

Na hili la mwalimu mkuu tulizungumze, kwa sababu sijui kwa nini hoteli zetu hazilipangi. Muhula wa pili wa shule unafunguliwa pale pale msimu unapolala. Mtu anapata pesa nzuri Desemba na Januari, sevisi chaji imejaa, bakshishi ipo, na ikifika Mei ana barua ya karo mkononi na hoteli imefungwa mpaka Julai. Kila mwaka. Kaeni na wafanyakazi Novemba, mkubaliane kwa maandishi, anayetaka sehemu ya sevisi chaji yake ya msimu iwekwe kando kwenye akaunti tofauti au kwenye sakko, alipwe wiki shule zinapofunguliwa. Asiyetaka apewe yake yote. Hili halimgharimu tajiri hata shilingi moja, na nimeona watu wakikataa kazi yenye mshahara mkubwa zaidi kwa sababu ya pesa ile ya Mei.

Kuhusu advansi nitasema kidogo tu. Msikatae zote, na msitoe zote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo mtu lazima abaki na theluthi yake. Wengine wanampa mtu advansi juu ya advansi mpaka mwisho wa mwezi anapokea shilingi mia tano, halafu wanashangaa hana moyo wa kazi.

Nimesema yangu. Karibuni, hasa nyinyi mlio upande wa kulipwa.

---

Nahodha wa Shela

Waaleikum salaam. Karani, umesema kweli, na sisi huku Lamu tuliipata shida hii mapema kuliko nyinyi. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, nchi zao zikawaambia watu wao wasije. Tukaanza kuinuka, 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, kafyu, na kuvua usiku kukapigwa marufuku kwa muda mrefu. Wajua mwenyewe, Lamu mtu kama hana mgeni ana bahari, na bahari nayo ikafungwa usiku.

Nataka kuongeza jambo moja kwenye hesabu ya wazi. Hili si geni kwetu, tumelifanya tangu wazee. Chombo kikirudi, samaki hupimwa mbele ya wote. Hutolewa kwanza gharama: mafuta, barafu, chakula cha safari. Kilichobaki hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia. Kila chombo kina mgao wake lakini kila baharia aujua kabla hajapanda. Safari ikiwa mbaya, hupati kitu, na hukasirikii mwenye chombo kwa sababu umeiona mizani na macho yako. Nimeona mabaharia wakikaa na tajiri mmoja miaka ya njaa, na wakimwacha tajiri mwingine mwaka wa neema kwa sababu alianza kupimia samaki ndani, mlango umefungwa.

Mimi sasa natembeza wageni kwa dau, na vijana wangu nawalipa hivi hivi. Mgeni akilipa, twakaa pale gati, twahesabu. Mwezi wa mvua twapaka chombo na kushona matanga, hilo halina mgao, nawalipa kwa siku. Kidogo, lakini wajua ni kiasi gani.

---

Tajiri Mdogo

Mimi nina nyumba ya wageni Malindi, vyumba vichache, wafanyakazi tisa. Naheshimu maneno yenu lakini hamjanishawishi. Ukimwonyesha mfanyakazi hesabu, atauliza Desemba pesa ilikwenda wapi. Atajua unalipa mkopo wa benki. Kesho habari iko kwa jirani yangu anayenipigania wageni. Samaki ni samaki, hoteli ina siri zake. Na watu wangu hawajasoma uhasibu.

---

Binti Maweni

Tajiri Mdogo, kaka yangu, tunajua. Hatujasoma uhasibu lakini tunatandika vitanda. Kitanda kisichotandikwa kwa wiki tatu tunajua hakina mgeni. Jikoni tunajua nyama imeagizwa kilo ngapi. Kwa hiyo unapotuambia mambo ni sawa, hujaficha chochote, umetuonyesha tu kwamba hutuheshimu.

Naandika na uchungu, mnisamehe. Mahali nilipokuwa tulidaiwa uvumilivu mpaka mishahara ya miezi mitatu ikalala. Kila tukiuliza tunaambiwa sisi ni familia. Wakati huo huo gari jipya limeegeshwa pale mbele. Labda lilinunuliwa kwa mkopo, labda ni la shemeji yake, sijui, hatukuambiwa. Mwenzangu wa lainini, mtu aliyejua kila shuka na kila mgeni anayerudi anapenda mto gani, alienda Saudia. Watoto wake wako kwa bibi yao huko Barani. Hakwenda kwa kupenda jua la kule. Mimi nilihamia Watamu. Mkituuliza uaminifu, tuulizeni kwanza tulikuwa tunawadai kiasi gani wakati mnatudai uvumilivu.

---

Karani wa Malindi

Binti Maweni, pole sana, na ahsante kwa kuandika. Mishahara iliyolala haina mjadala wa uaminifu. Ni deni, na mwajiri anayedaiwa aanze na deni lile kabla ya neno lingine lolote. Kama bado hamjalipwa, nendeni kwa afisa wa kazi wa kaunti mkiwa wengi, na peislipi za mwisho mlizopokea, na majina ya waliokuwa zamu. Msiende mmoja mmoja.

Tajiri Mdogo, hoja yako ni ya haki na nitaijibu vizuri. Huna haja ya kufungua kila kitabu. Wafanyakazi wako wana haja ya mambo matatu: vyumba vilivyowekwa kwa wiki zijazo, mishahara ya mwezi inafika kiasi gani kwa jumla, na kilichopo kinatosha wiki ngapi. Mkopo wako wa benki unaweza kuuita "malipo ya benki" bila kusema ni benki gani wala ulikopa kujenga nini. Kuna meneja mmoja Watamu alibandika karatasi mlangoni mwa jiko, kando ya ratiba ya zamu. Wiki upande wa kushoto, vyumba vilivyowekwa upande wa kulia, kwa wino wa buluu, Jumatatu hadi Jumatatu. Mgeni akiongezeka anafuta na kuandika upya. Baada ya muda wapishi walikuwa wakiipitia kabla ya kuvaa aproni. Wiki iliyoandikwa sifuri walikuwa wanakuja wenyewe kuomba likizo zao za mwaka, zile siku 21 za kisheria, wazichukue wakati huo badala ya Agosti. Hebu piga hesabu hilo peke yake lilimwokolea nini.

Na hilo la "Desemba ilikwenda wapi" ndiyo sababu karatasi ianze Desemba. Ukianza kuonyesha namba siku mbaya tu, kila mtu ataona unatafuta kisingizio, na atakuwa na haki.

---

Mwakilishi wa Wafanyakazi

Nipo kwenye chama cha wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani, KUDHEIHA, miaka mingi. Naomba niseme ya sheria kwa sababu naona watu wanasema "kupunguza mshahara" kama kupunguza chumvi.

Mwajiri hawezi kuamka akapunguza mshahara peke yake. Sheria ile ile ya 2007, kifungu cha 10, inamtaka ashauriane na mfanyakazi kwanza na amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Likizo bila malipo nayo ni makubaliano, si amri ya usiku kwa simu.

Na kama kazi kweli imekwisha, kifungu cha 40 kiko wazi. Notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwa chama kama mfanyakazi ni mwanachama, au kwake mwenyewe kwa maandishi kama si mwanachama, na nakala kwa afisa wa kazi. Kuchagua nani aende kunazingatia nani alitangulia kuajiriwa, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake. Likizo aliyolimbikiza analipwa kwa pesa. Na malipo ya kuachishwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mtu wa 30,000 aliyekaa miaka 8, ukigawa mshahara kwa siku 30, ni 15,000 mara 8, yaani 120,000. Ongeza notisi ya mwezi, 150,000. Matajiri wengi wakiiona hiyo namba ndipo wanapoanza kufikiria kupunguza saa. Waifikirie mapema.

Nashauri mkikubaliana kupunguza saa au mshahara, muandike mambo manne kwenye ukurasa mmoja: kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na kama kilichopunguzwa kitarudishwa au hakirudishwi. Hilo la mwisho ndilo linaloleta watu mahakamani. Tajiri anasema "tutaangalia", mfanyakazi anasikia "utalipwa".

---

Mwanafunzi wa Biashara, Kilifi

Naongeza mfano wa nje mdogo. Marekani kuna kampuni ya viwanda inaitwa Barry-Wehmiller. Mwaka 2009 oda zilipoanguka, badala ya kufukuza watu, kila mmoja kuanzia mkurugenzi mkuu Bob Chapman alichukua wiki nne bila malipo kwa wakati anaouchagua. Na Chapman akashusha mshahara wake mwenyewe mpaka dola 10,500 kwa mwaka. Wafanyakazi wakaanza kubadilishana: mwenye uwezo anachukua wiki za mwenzake asiye na uwezo. Niliposoma ya kijana wa Ganda nikakumbuka hilo.

Ujerumani nako serikali ina mpango uitwao Kurzarbeit: saa za kazi zikipunguzwa, serikali inalipa sehemu ya mshahara uliopotea. Mwaka 2009 zaidi ya watu milioni moja walikuwa ndani yake. Sisi 2020 tulichopata ni kusamehewa PAYE kwa wanaolipwa hadi shilingi 24,000, na hiyo inamsaidia aliye na mshahara, si aliyerudishwa nyumbani.

---

Mpishi wa Watamu

Mimi nipo kazini mahali pamoja muda mrefu na nimeitwa kwingine mara nyingi, hata Diani. Niseme kwa nini sikuondoka, labda itamsaidia Tajiri Mdogo.

Kwanza, msimu ukilala tajiri wangu hanipi likizo tu, hunipa kitu cha kujifunza. Mwaka mmoja alinileta kwa mpishi Mwitaliano aliyekuwa anaondoka, nikajifunza tambi za mkono na gelato. Mwaka mwingine, wageni wa Nairobi walipokuwa wengi kuliko wa ndege, tukakaa jikoni sisi wenyewe tukapanga upya menyu: biriani ya samaki, viazi karai, mbaazi za nazi na mahamri asubuhi. Alilipa vyakula vya majaribio na sisi tukala. Kazi ikiwa nyembamba na huku unajifunza, hujisikii kama kiti kilichofunikwa kwa turubai.

Pili, anaponirudisha nyumbani Aprili ananipa barua yenye tarehe ya kurudi. Tarehe ikisogea anapiga simu yeye mwenyewe, hatumi mtu. Ile barua nimeionyesha kwenye sakko nikapewa mkopo wa mabati. Mshahara wake si mkubwa kuliko wa jirani.

Tatu, chakula cha wafanyakazi hakikubadilika. Kuna hoteli pesa zikikaza kitu cha kwanza kukatwa ni sahani ya mfanyakazi, samaki anaondoka, inabaki ugali na mchuzi wa maji. Mhasibu anaona ameokoa. Mimi naona mtu anayenusa kamba siku nzima akiwapikia wengine, halafu anakula hivyo. Kama ni lazima upunguze, punguza kwa meneja pia, mle sufuria moja.

---

Nahodha wa Shela

Mpishi, Mungu akuzidishie. Hilo la sahani ni kubwa. Baharia humpimi kwa mshahara, humpima kwa unachompa kula safarini.

---

Tajiri Mdogo

Nimesoma zote, na nimezirudia. Bado nina wasiwasi wa jirani lakini namba tatu naweza kuzitoa. Nina swali la kweli sasa. Nina watu tisa. Uwezo wangu kuanzia Mei hadi Julai ni kama mishahara mitano na nusu. Sitaki kumfukuza mtu. Nianzie wapi? Na wakianza kurudi, nimrudishe nani kwanza?

---

Karani wa Malindi

Swali zuri, ndugu yangu, na ahsante kwa kulileta hapa.

Anzia kwako. Kabla ya kikao, amua wewe unachukua nini miezi hiyo mitatu, na useme ya kwako kabla ya kutaja ya mtu mwingine. Ukikosea mpangilio huo, mengine yote yatasikika vibaya.

Kisha toa pesa zile mbele yao, uwaulize. Mara nyingi njia mbili hutokea zenyewe. Moja, wote tisa wafanye kazi kwa zamu, wiki mbili ndani, wiki moja nje. Hiyo inakuletea kama mishahara sita, hivyo bado una nusu mshahara wa kutafuta, na hapo ndipo sehemu yako na likizo za mwaka zinapoingia. Mbili, wenye mahali pa kwenda, shamba, boti ya ndugu, kibanda, waende likizo bila malipo kwa hiari na barua ya tarehe kama ya Mpishi, na waliobaki wawe karibu na mshahara kamili. Usichague wewe njia ipi. Mwenye watoto wanne na mwenye mama mgonjwa wanajuana kuliko unavyowajua.

Waliobaki wape kazi yenye mwisho: rangi, paa la makuti kabla mvua haijaharibu, vyandarua, bwawa. Kazi zile ungemlipa fundi wa nje Juni kwa hofu ya msimu. Ukimlipa mtu wako pesa ile ile, umepunguza pengo la mishahara bila kuongeza gharama.

Kurudisha, waliojitolea kwenda kwanza ndio warudi kwanza. Iandikwe hivyo siku ile ile ya kikao, isiwe jambo la kukumbuka baadaye. Ukimrudisha mtu wako wa karibu kabla yao, mwakani hakuna atakayenyoosha mkono.

Fuata ukurasa mmoja wa Mwakilishi: kiasi, kuanza, kuisha, kurudishwa au la. Nakala tisa, kila mmoja aweke sahihi na abaki na yake. Kama kuna asiyesoma vizuri, amlete mtoto wake au mwenzake anayemwamini amsomee kabla ya kutia sahihi, usimsomee wewe.

Na usimwache nje askari wa usiku. Kwenye vikao hivi yeye ndiye husahauliwa, kwa sababu mchana amelala. Zamu yake inaisha saa kumi na mbili asubuhi, basi kikao kiwe saa hiyo hiyo, na chai iwe tayari.